Risala ya Wakazi wa Bonde la Chini la Msimbazi: Mto Uhesabiwe Kuanzia Pugu



Tunakushukuru, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali kuja kukaa nasi kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe huu badala ya kutuita ofisini. Viongozi wengi waliopita hapa walikuja masika, maji yakiwa yamejaa. Walisimama darajani, wakatazama, wakatupa pole, wakaondoka. Wewe umekuja kiangazi. Mto uliouvuka ukija hapa ni mkondo mwembamba ambao mtoto wa darasa la pili anauruka bila kulowesha viatu. Tulitaka uuone hivyo, kwa sababu risala yetu inaanzia kwenye swali ambalo wakati wa mafuriko hakuna anayepata nafasi ya kuliuliza: maji yale yanatoka wapi?

Kila mvua inapotutoa ndani ya nyumba, jibu tunalopewa ni moja: mmejenga mabondeni, hameni. Tumelisikia redioni, tumelisikia mikutanoni, na wengine wetu tumelikuta limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, alama ya X. Hatukuja leo kukana kwamba tunaishi bondeni. Tumekuja kulieleza bonde lenyewe, kutoka juu hadi chini, kwa sababu wengi wanaoliamulia mambo hawajapata kulitembea lote.

Mheshimiwa, Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, mkoa wa Pwani. Huko ndiko iliko misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani yetu. Kutoka huko unashuka kwa takribani kilomita 35. Unapita Kinyerezi na Segerea, unapita kati ya Tabata na Vingunguti, unafika Kigogo, Mchikichini na Jangwani, unazunguka nyuma ya Upanga, kisha unaingia Bahari ya Hindi kwenye hori la Salenda. Mtu anayekwenda kazini Posta akitokea Kimara anauona kwa nusu dakika tu, pale Jangwani, kupitia dirisha la basi. Ndiyo maana mji mzima umezoea kusema "mafuriko ya Jangwani", kana kwamba maji yanazaliwa palepale.

Na mto huu hauji peke yake. Pale Kinyerezi unapokea kijito cha huko. Tabata inaleta maji ya Kimanga na Tenge. Kutoka upande wa Ubungo unakuja mto wenye jina la mahali hapo, na pamoja nao Luhanga, ambao unapita Mabibo na kutufikia sisi wa Kigogo ukiwa na hasira kuliko hata Msimbazi wenyewe. Chini zaidi, upande wa kushoto, unaingia Sinza, na maji ya Mto Ng'ombe. Watu wa Tandale na Mwananyamala wanauita Ng'ombe kwa jina lake na hawausemi kuwa ni Msimbazi, lakini maji yake yanaishia kwenye hori lilelile la Salenda, yakipita mlangoni kwa wenzetu wa Hananasif. Baina ya mito hiyo yenye majina kuna makorongo mengi ambayo hayana jina lolote kwenye ramani ya serikali. Wenyeji wanayajua kwa jina la kanisa lililo jirani, au mnazi ulioanguka, au mzee aliyekuwa na duka pembeni.

Sasa hesabu, Mheshimiwa. Mvua inayonyesha Gongo la Mboto, Segerea, Makuburi, Mabibo, Manzese na Sinza, yote ina mlango mmoja wa kutokea, na sisi ndio tunaokaa mlangoni. Wazee wetu waliokuwapo wakati mji huu ulipokuwa unaishia Magomeni wanasimulia kwamba mvua ikinyesha Pugu usiku, mto hapa ulipanda kesho yake mchana, taratibu, na mtu alikuwa na muda wa kuhamisha kuku na godoro. Ardhi ya huko juu ni ya kichanga. Ilikuwa na mikorosho, miembe na nyasi, na ilikunywa maji. Leo imefunikwa bati, zege na lami. Tone likianguka juu ya bati la Kinyerezi halina pa kunywewa; linateleza hadi kwenye mfereji, mfereji hadi kwenye kijito, na kijito kinatuletea sisi. Siku hizi hatuna tena usiku mzima wa kujiandaa. Tuna saa chache, na Luhanga ukiwa umechachamaa hatuna hata hizo.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo mtu hayaoni asipokaa hapa. La kwanza ni mchanga. Vilima vikikwanguliwa kwa ajili ya viwanja, na kingo za vijito zikichimbwa na watu wa malori usiku, udongo unasafiri na maji mpaka pale mto unapokosa mteremko, yaani Jangwani. Hapo unatua. Kila mwaka katapila linaletwa kuzoa mchanga chini ya daraja, tunashukuru, na kila masika mchanga unarudi. Kuna sehemu ambazo sakafu ya mto leo iko juu ya pale ilipokuwa sisi tukiwa watoto. La pili ni bahari. Hori la Salenda linapumua na maji ya bahari. Wakati wa maji mafu, mto ukijaa unapata njia ya kutoka. Lakini mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari inasimama mlangoni na mto unarudi nyuma, unatafuta pa kulala, na mahali pake pa kulala ni vyumba vyetu. Wavuvi wanalijua hilo kwa kuangalia mwezi. Hatujapata kusikia tahadhari ya mafuriko inayotutajia bamvua.

Mimi ninayesoma nimezaliwa Kigogo. Mvua ya Desemba 2011 ilinikuta nikiwa na mama na wadogo zangu wawili. Tuliamka alfajiri maji yakiwa yamefika kwenye kitanda, tukapanda juu ya paa la jirani aliyekuwa na nyumba ya tofali za saruji, na hapo tukakaa mpaka siku ya pili. Niliona kabati la nguo likipita, kisha jokofu, kisha mbuzi akiwa hai. Wataalamu wa hali ya hewa walisema mvua kama ile haikuwahi kunyesha Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Zaidi ya watu 40 walifariki. Baadaye familia nyingi za bondeni zilipelekwa Mabwepande, zikapewa viwanja na mahema. Waliobaki huko wana maisha yao na tunawaombea heri. Wengine walirudi, na tunasikia wakilaumiwa kwa kurudi. Mama yangu alikuwa anauza maandazi na uji alfajiri pale Kariakoo. Kutoka Kigogo alikwenda kwa miguu. Kutoka Mabwepande angelazimika kuamka saa nane usiku na kutumia nauli inayozidi faida ya uji wenyewe. Alirudi kwa sababu hiyo, wala si kwa ukaidi.

Malalamiko yetu ya kwanza, basi, ni kwamba tunahukumiwa kwa mto mzima huku tukiishi kwenye mkia wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Sheria hiyo ni nzuri na tunaiheshimu. Lakini uliza, Mheshimiwa, imetekelezwa wapi. Imetekelezwa kwetu kwa nyundo na tingatinga. Huko juu, kwenye vijito, tumetembea wenyewe tukaona kuta za maghorofa zikiwa zimesimama juu ya ukingo wenyewe, na makorongo yaliyofukiwa kifusi ili kiwanja kiongezeke. Na kuna wenzetu ambao nyumba zao zilijengwa mbali na mto, mwenye nyumba akiwa na leseni ya makazi aliyopewa na serikali, akilipa kodi ya jengo na umeme wa LUKU. Maji ya haraka yakala ukingo, mwaka huu hatua tatu, mwaka kesho kumi, hadi siku wapimaji walipokuja na utepe wao wakamkuta ndani ya mita 60. Huyu hakuhamia mtoni. Mto ndio uliomhamia, na aliyeusukuma yuko juu.

Malalamiko ya pili ni uchafu, na hapa tutasema ukweli wote, ukiwamo wetu. Sisi wenyewe tunatapisha vyoo mvua ikinyesha. Tunajua ni kosa na tunajua linaua. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kilipita katika mitaa yetu. Tunatapisha kwa sababu gari la majitaka haliwezi kuingia kwenye vichochoro hivi, na likifika barabarani gharama yake inazidi kodi ya chumba. Takataka nazo tunazitupa, hasa pale mkokoteni wa kuzoa unapokosekana wiki nzima. Haya tunayakiri mbele yako. Lakini maji ya rangi ya kijani na ya samawati yanayoshuka baadhi ya siku, yenye povu na harufu ya dawa, hayatoki chooni kwa mtu. Yanatoka kwenye viwanda vilivyo kandokando ya vijito, na mara nyingi yanafunguliwa usiku, au mvua inapoanza ili mto uyafiche.

Wanaoumia zaidi ni mama zetu wa bustani, ambao tumewaomba wakae mstari wa mbele leo. Mchicha na tembele vinavyolimwa kuanzia Vingunguti mpaka Mchikichini vimelisha mji huu kwa miaka mingi. Watafiti wamekuja, wamepima, wamekuta madini mazito kwenye udongo na kwenye mboga, na habari zikatoka magazetini. Kuanzia hapo mama akifika sokoni anaambiwa anauza sumu. Hakuna hata mmoja aliyeitwa kusomewa majibu ya vipimo vya tuta lake mwenyewe. Yeye hakutia risasi wala kromu majini. Alichota maji yaliyopita mbele yake, akamwagilia.

Tunakumbuka pia, na tunaomba ikumbukwe, kwamba watu wa bonde hili si wageni katika kudai haki kwa utaratibu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kupinga dampo la jiji lililokuwa likiwavutisha moshi na uvundo, na mahakama ikawapa haki. Dampo likaondolewa Tabata. Hatimaye taka ziliishia Vingunguti, bonde hilihili, upande wa pili wa mto. Wana Tabata hawakuomba hivyo. Ndivyo mambo yanavyokuwa pale kila kata inapotibiwa peke yake: shida inahamishwa mita mia kadhaa na inaendelea kushuka na maji yaleyale. Sehemu ya Mto Ng'ombe imejengewa kingo za zege, na wenzetu wa Tandale wamepata nafuu ambayo tunaifurahia kwa dhati. Lakini zege linaharakisha maji, na tungependa kujua ni nani aliyewapigia hesabu watu wa chini.

Mheshimiwa, tunafahamu kwamba serikali imeliona bonde. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha Dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi. Tumeelezwa kuhusu daraja jipya la Jangwani, kuchimbwa kwa mto, na bustani kubwa ya mji mahali zilipo nyumba zetu. Hatupingi. Tungetamani wajukuu zetu wacheze mpira kwenye bustani hiyo. Hofu yetu ni kwamba fedha nyingi zitamwagwa mdomoni mwa mto, ilhali kooni na tumboni hakujaguswa, na baada ya masika machache mchanga wa Pugu utalala juu ya maua.

Kwa hiyo tunayo maombi, na baadhi tunayaita madai kwa sababu ni haki yetu.

Tunadai mto upimwe kuanzia chemchemi. Bikoni za mita 60 ziwekwe kwanza Kinyerezi, Segerea, Makuburi na Mabibo, kwenye kila kijito, kisha ndipo zishuke kwetu. Ramani itakayotoka ioneshe vijito vyote, na vile visivyo na jina vipewe jina wanaloviita wenyeji. Tunasisitiza jambo la majina kwa sababu tumeona kwamba korongo lisilo na jina kwenye ramani linafukiwa bila mtu kuulizwa, wala hakuna kifungu cha bajeti kinachoandikwa kwa kitu kisichotajwa.

Tunadai meza moja. Leo mto huu uko kwenye mikoa miwili, Pwani na Dar es Salaam, na kwenye Kisarawe, Ilala, Ubungo na Kinondoni, ukiacha bodi ya maji ya Wami/Ruvu na mamlaka nyingine zenye kauli. Mkazi wa Kigogo akilalamikia Luhanga anaambiwa aende Ubungo. Akifika Ubungo anaambiwa mafuriko yako Ilala. Kiundwe chombo kimoja cha bonde zima chenye uwezo wa kusimamisha kibali cha ujenzi kule juu kwa sababu ya madhara ya huku chini, na ndani yake kila kijito kiwe na wajumbe wawili waliochaguliwa na wakazi, mmoja wao mwanamke.

Kibali cha kujenga katika eneo lote linalomwaga maji Msimbazi kiwe na sharti la kuyabakiza: tangi la maji ya bati, shimo la kunywea, sehemu ya kiwanja isiyosakafiwa. Anayejenga ghorofa Segerea anaweza kumudu tangi. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilindwe dhidi ya mkaa na viwanja, maana ndiyo sifongo ya mwisho tuliyobakiwa nayo. Uchimbaji mchanga vijitoni usimamishwe, na kwa vijana wanaochimba tunaomba kazi ya kuzoa mchanga pale unapotakiwa kuzolewa, Jangwani, kwa malipo halali.

Kuhusu tahadhari, ombi letu ni dogo na la bei nafuu. Vipima mvua viwekwe Pugu, Kinyerezi na Makuburi, na alama za kina cha maji kwenye nguzo za madaraja ya juu. Atakayesoma vipimo apige simu moja kwa moja kwa wenyeviti wa mitaa ya chini, nao watatumia vipaza sauti vya misikiti na kengele za makanisa. Hilo viongozi wetu wa dini wamekwisha kulikubali. Tahadhari itaje saa ya maji kujaa baharini. Ile saa moja ya ziada ndiyo tofauti ya kupoteza godoro na kupoteza mtoto.

Maji yapimwe kila mwezi pale kila kijito kinapoingia Msimbazi, si pale Salenda tu ambapo yote yamechanganyika na hajulikani aliyeyachafua. Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata kwa Kiswahili. Mama wa bustani wachimbiwe visima kwenye udongo utakaothibitika kuwa salama, au wapewe ardhi nyingine ndani ya mji, karibu na soko.

Anayetakiwa kuhama alipwe kwanza, ahame baadaye. Fidia ihesabu nyumba, ihesabu ardhi, na ihesabu riziki, na iwe na mahali pa kwenda ambapo mtu anaweza kufika kazini kwa nauli moja. Mpangaji na mjane anayeishi kwenye nyumba ya urithi isiyo na karatasi wasiachwe nje ya daftari.

Na mikoko ya Salenda ibaki. Mchu na mlilana iliyobaki pale horini ndiyo inayoshika tope na kuvunja nguvu ya wimbi. Shule zetu ziko tayari kupanda miche mingine zikielekezwa mahali.

Kwa upande wetu tunaahidi kuanzia mwezi huu kuweka zamu ya kila mtaa kuzuia utapishaji wa vyoo na utupaji wa taka mtoni, na mwenyekiti wa mtaa atakupelekea taarifa kwa maandishi, ikiwamo mahali tutakaposhindwa.

Pamoja na karatasi hizi tunakukabidhi ramani. Tumeichora sisi wenyewe kwa kalamu za wino juu ya karatasi nne za manila zilizogundishwa, baada ya kutembea Luhanga kutoka Kigogo kwenda juu kwa Jumamosi tano. Sehemu tulizoweka nukta nyekundu ni ukingo uliojengewa. Nukta za bluu ni korongo lililofukiwa. Kuna makorongo kumi na moja tuliyoyaandika kwa majina ya wenyeji wake. Tunaomba, ukiwa na nafasi baada ya chai, utembee nasi mpaka pale Luhanga unapoungana na Msimbazi. Ni mwendo wa dakika ishirini, njia ni kavu, na leo kunavukika.